Kamba ya Simenti

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mkutano wa ukoo huko Khayega baada ya kanisa. Jambo ni moja tu: nani atashika kamba ya Simenti safari hii. Simenti ni fahali wetu wa kupigana. Rangi ya kijivu, na akisimama hasukumwi na mtu. Marehemu baba alimlea tangu akiwa ndama, akamshika kamba mpaka mwaka aliofariki. Kwa hivyo kamba ile ni yangu! Binamu yangu Titus naye anasema ni yake, eti kwa kuwa yeye ndiye humkatia nyasi. Nyasi! Nani hawezi kukata nyasi?

Baba mdogo Osiako, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, alitusikiliza huku akitafuna muwa. Kisha akasema fahali akishinda hukimbia, na mwenye kamba lazima akimbie naye. Mara ya mwisho mshika kamba aliishiwa na pumzi, fahali akaingia kwenye mahindi ya mchungaji. Akatuuliza: "Sasa nyinyi wawili, nani ana mapafu?" Akaamua. Jumamosi kuna mbio za kanisa, kutoka hapa Khayega hadi Kakamega mjini. Atakayemtangulia mwenzake ndiye mwenye kamba, na aliyeshindwa asilete maneno.

Nilikubali upesi kuliko Titus. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba mara ya mwisho kukimbia nilikuwa shule ya msingi, na nilikuwa nakimbizwa.

Jumatatu, 4 Agosti

Bahati ni yangu. Jirani yetu hapa Shieywe, Kakamega mjini, anaitwa Chepng'etich, ni mwalimu kutoka Nandi na hukimbia kila alfajiri. Hawezi kuwa anakimbia vile bure. Kuna siri! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama chini ya ua wa michongoma, nikachunguza.

Maajabu. Viatu vyake vimechakaa hata havijulikani vilikuwa vya rangi gani. Soksi amezigeuza, mshono uko nje. Kwa nini? Kisha akachota mafuta ya mgando, yale tunayopaka watoto, akajipaka kwapani na kwenye visigino. Mtu anakimbia kwa kisigino kinachong'aa? Kamba za viatu akazifunga fundo mara mbili. Akanywa mafunda machache ya maji, si zaidi. Halafu akatoka polepole, polepole kabisa, hata mama wa maziwa akampita.

Mke wangu Awinja akanikuta pale chini, akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta yai. Akanijibu kwamba kuku wetu hutagia jikoni, na jikoni ni kule.

Jioni nikamuuliza Chepng'etich ana kwa ana. Akanieleza yote bila hata kushusha sauti. Kiatu kiwe kimeshazoea mguu, na kamwe kisiwe kipya siku ya mbio. Soksi zigeuzwe ili mshono usichubue vidole. Mafuta yapakwe pale panaposuguana. Kulala mapema. Usiku wa kuamkia mbio ni obusuma, yaani ugali, na mboga, basi. Na kila siku kukimbia kidogo, polepole. Nikamshukuru sana. Siamini hata neno moja. Siri ya kweli haitolewi mlangoni.

Jumanne, 5 Agosti

Titus amelala kwa dada yake hapa mjini. Asubuhi nimemwona akikimbia na Chepng'etich! Polepole, wakiongea, kama watu wanaoenda kuteka maji. Nikacheka. Baadaye nikaacha kucheka, maana alipopita tena hakuwa anahema.

Nikakaa, nikawaza. Kwa nini niwaige Wanandi? Sisi Waisukha tuna mkimbiaji wetu. Ana miguu minne na pembe mbili. Nani amewahi kumwona fahali akigeuza soksi? Nikaenda Khayega, nikamuuliza baba mdogo jinsi fahali anavyotayarishwa. Mzee alifurahi mpaka akaniletea kiti! Akasema wiki ya mwisho fahali hafanyi kazi yoyote. Anafichwa gizani, macho ya maadui yasimwone. Analishwa machicha ya busaa, ile pombe yetu ya nafaka, ili damu ichemke. Anaimbiwa sifa zake. Siku yenyewe anatolewa kwa ngoma za isukuti, na asikiapo ngoma ile hata mauti hayaogopi.

Nikajiuliza mbona hakuna mtu aliyefikiria jambo hili kabla yangu. Labda kila kizazi huwa na mtu wake mmoja.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunga madirisha. Niko gizani. Kibanda changu cha kuchaji simu nimekifunga pia. Machicha nimeyapata kwa mama mmoja huko bondeni, akaniuliza nina nguruwe wangapi. Yanachacha mdomoni, na kweli damu inachemka. Kichwa pia.

Awinja aliniomba nimbebee kuni. Nikamwambia wiki hii sibebi kitu. Akafungua mlango, mwanga ukaniumiza. Akasema, "Baba Mitchel, ulinioa ukiwa mtu. Unakulanga nini hapo gizani?" Nikamwomba aniimbie sifa zangu. Alisimama pale akifikiri. Akafikiri sana. Akasema ukucha wangu wa kidole gumba ni mzuri. Kisha akaenda kuleta kuni mwenyewe.

Tumbo halijatulia. Nadhani ni nguvu zinajipanga.

Ijumaa, 8 Agosti

Jana sikuandika. Machicha.

Leo mambo mengi. Kwanza, nimenunua viatu vya kukimbilia, vyekundu, vinang'aa! Vimebana kidogo, lakini mwenye duka amesema ngozi hupanuka mtu akipata joto. Nimevifunga kwenye kanga ya Awinja, adui asivione. Nimeng'amua pia kwa nini Chepng'etich anakataza viatu vipya. Angekuwa navyo angevivaa.

Pili, nimempelekea Titus zawadi. Jogoo wetu mzima, amepikwa, na mchuzi mzito. Nimemwandikia salamu za upendo. Mtu akila ingokho, kuku mzima, usiku, asubuhi atakimbia wapi? Awinja alimlilia jogoo yule, nikamwambia vita havina macho.

Tatu, nimezungumza na wapiga isukuti wa Khayega. Watakimbia nyuma yangu kesho wakipiga. Walishangaa kidogo, wakauliza fahali ni yupi. Nikajigonga kifua.

Saa hii nimepata habari. Titus amekula obusuma na mboga, na jogoo amempelekea baba mdogo. Mzee amesema hajawahi kuona kijana mwenye adabu kama Titus. Jogoo wangu! Nimekasirika hata usingizi sina. Lakini fahali pia huhitaji hasira. Iwe heri.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Tulianza vizuri. Nasema vizuri! Isukuti ikalia, damu ikapanda, nikatoka mbele ya watu wote kama nimefunguliwa zizini. Nikageuka kumtazama Titus. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na Chepng'etich, anaongea! Nikamwonea huruma.

Kufikia kilima cha kwanza viatu vikawa vinanitafuna. Mapaja nayo yalisuguana mpaka nikaanza kutembea kama bata. Nikajua sasa yale mafuta ni ya nini. Wakanipita watu wa kwaya. Akanipita mama mwenye mwavuli. Titus akanipita na kuniambia pole, na ile pole iliniuma kuliko viatu.

Lakini isukuti haikuacha. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Isukuti barabarani Jumamosi asubuhi! Kila mtu wa huku anajua maana yake: kuna fahali anatolewa, anatafuta mpinzani. Watu wakaanza kumiminika kutoka mashambani na fimbo na filimbi. Wakauliza fahali yuko wapi. Wapiga ngoma wakanionyesha mimi. Watu hawakuelewa, wakaendelea kungoja.

Kisha likafunguliwa lango moja, akatoka fahali mweusi, mnene, na mwenye fahali nyuma yake akipiga kelele kwamba changamoto imepokelewa! Wapiga isukuti wangu walipomwona fahali wa kweli wakaniacha, wakaenda kumpigia yeye. Wasaliti! Umati ukarudi nyuma ili kuwapa wapinzani nafasi. Nikabaki peke yangu katikati ya barabara. Fahali akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akanitazama mimi.

Nilikimbia. Mungu wangu, nilikimbia! Kiatu cha kushoto kikabaki, cha kulia kikafuata, sikuhisi kitu. Niliwapita waliochelewa kuanza, nao walikuwa wanakuja upande wangu. Sikusimama mpaka nilipokuwa juu ya lori la miwa, na lori lilikuwa limeegeshwa palepale Khayega tulipoanzia. Baba mdogo alikuwa ameketi hapo chini akila paja la jogoo. Akaniuliza kama mbio zimeisha tayari.

Jumapili, 10 Agosti

Kamba amepewa Titus. Aliingia mjini akitabasamu, wanasema. Nilimwona leo kanisani akiwa ameizungushia begani, ile ile ya baba, na fundo lake kwenye ncha. Niliumia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Jioni wakaja nyumbani, yeye na Chepng'etich. Mwalimu ameniletea dawa ya malengelenge. Titus ameniletea viatu vyake vya zamani, vimelainika, vikanikaa sawasawa. Akasema, "Kamba ni ya baba yako pia, Shikanga. Njoo tukimbie asubuhi na sisi, polepole tu, mpaka Desemba. Mapigano ya Krismasi utaishika wewe. Nimeshamwambia mzee, amekubali." Kila asubuhi, basi. Hakuna kingine anachotaka. Machozi yalinitoka nikasingizia moshi, na jikoni moto haukuwa umewashwa. Awinja alinishika mkono.

Walipoondoka nikatafakari kwa makini. Yule fahali mweusi alikuwa mzito kama nyumba, na alikaribia kunipata. Mimi, niliyewapita watu wote wa barabara ile! Hana viatu. Hana soksi. Sidhani kama huamka alfajiri kukimbia polepole akiongea na majirani. Basi kosa halikuwa kwenye njia yangu. Kosa ni machicha, niliyapata kwa mtu asiyejua kazi.

Viatu vya Titus nimempa Awinja, vitamfaa shambani. Kesho alfajiri watakuja kunigongea mlango. Hawatanikuta. Nitakuwa kwa mwenye yule fahali, nikamuulize anamlisha nini.