Daktari wa Kasuku Wazima

Mji ulikuwa na wagonjwa wa kila namna, lakini Daktari Manyoya alitibu wazima tu. Mgonjwa ana tabia mbaya ya kufa kabla hajauzwa.

Utaalamu wake ulikuwa kasuku wadogo wenye kishungi. Anaingia kwa watu na koti jeupe, anamkuta ndege kasimama kwa mguu mmoja. "Kiharusi." Ndege anasaga mdomo usingizi ukimjia? "Taya limeingia wadudu." Unga mweupe wa manyoya? "Mapafu hayo yanatoka." Zote ni dalili za ndege aliyeshiba na kustarehe, ila mwenye ndege hajui. Basi ndege analazwa, kesho yake daktari analeta pole, kesho kutwa marehemu yuko sokoni. Dalili za ugonjwa wa kweli hakujifunza. Za nini?

Siku moja alibeba kasuku wa fundi cherehani, aliyefariki jana na leo anakula mtama. Mwenye hoteli, mteja pekee ambaye hajamshtukia, alimkataa.

"Bubu huyu! Nataka wa kupiga mluzi, leo hii. Ukishindwa, usikanyage hapa tena."

Akatoka kanywea. Mtaa wa pili, dirishani, akasikia mluzi mtamu wa wimbo mzima. Rizki hiyo!

"Hodi, mama! Daktari wa ndege!"

"Karibu, mwanangu," mjane mmoja akajibu, akitoka nyuma ya pazia. Alimtazama ndege wa mgeni kidogo, kisha akaonyesha wake.

Wake alikuwa chini kabisa ya kitundu, manyoya yamevimba, macho nusu, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Daktari akaona mnono, mpole, tena anacheza ngoma.

"Mama, huyu anaumwa sana. Nimlaze leo leo."

Mjane akajifuta machozi. "Mchukue, baba. Ila upweke utaniua. Niachie huyo wako mpaka wangu apone." Akawaita majirani. "Mashahidi ninyi: daktari kampokea mgonjwa, atamrudisha mzima."

Bubu kwa mwimbaji! Daktari aliapa haraka, asije mjane akazinduka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani alimwambia?

Hotelini, mwenye hoteli alifunua kitambaa. "Unaniletea maiti? Huoni anavyohema kwa mkia?"

"Anacheza, bosi."

"Toka!"

Alirudi mbio. Dirishani mluzi ule ule, lakini aliyeupiga alikuwa mjane mwenyewe. Kando yake wifi yake, fundi cherehani, na begani kwa wifi marehemu wa jana.

"Mama, umenipa ndege mgonjwa!"

"Si ulisema mwenyewe? Tangu uzaliwe umesema kweli mara moja, mwanangu, na majirani walikuwepo."

"Na asipopona," wifi akadakia, "polisi watataka kujua huyu wangu alifufukaje."

Basi Daktari Manyoya akapanga foleni kwa daktari wa mifugo, wa kweli. Akauza koti jeupe anunue dawa. Chumbani kwake akamwashia ndege taa ya joto, akamlisha kwa mkono, akiukodolea macho mkia ule kwa woga asioujua. Alimwogopa polisi, ndiyo, lakini hata kiumbe chenyewe kilianza kumtia huruma, jambo lililomkera sana.

Asubuhi moja akaamka, akamkuta ndege juu ya kijiti, mguu mmoja kaukunja, anasaga mdomo taratibu, unga mweupe umetapakaa mezani.

"Mzima!" akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Jamani, mzima!"