Kumrekodia Mama Mkwe

Gazeti lilikuwa mikononi mwa Betri, na Betri akishika gazeti hasomi, anatangaza.

"Nyamazeni nyote! 'Akina bibi wawaburura wazima moto!' Mashindano ya kuvuta kamba, jamani. Wanaume wazima, mabuti hadi magotini, wameburutwa na vikongwe mpaka kwenye dimbwi la tope!"

"Acha kamba zako," alisema Kidevu, kikombe kimeganda njiani kuelekea mdomoni.

"Kamba si zangu, ni za akina bibi. Na picha hii hapa. Mtazame huyu, kofia ya chuma imemshuka mpaka puani."

Benchi lao lilikuwa mbele ya meza ya kahawa ya Dada Birika, na wenyewe wakiliita ofisini. Betri aliuza tochi na redio kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Kidevu alikuwa seremala, na ndevu zake hazikukosa vumbi la mbao hata siku ya sikukuu. Wa tatu alikuwa Pasi, dobi mwenye duka lililopakana na meza ya kahawa, mtu aliyenyoosha mashati ya mtaa mzima na kuvaa la kwake limekunjamana. Leo Pasi alikuwa hajagusa hata kahawa yake.

"Waliachia makusudi," alisema Kidevu. "Heshima kwa wazee."

"Heshima gani ya kulala kifudifudi kwenye tope?"

"Basi kamba ilipakwa mafuta upande wa wanaume."

"Kamba ni moja, Kidevu!"

"Nimesema upande! Kwani kamba haina upande?"

"Wanaume mkishindwa," Dada Birika alidakia huku akipuliza makaa, "lazima yapatikane mafuta mahali."

Betri alilisogeza gazeti karibu na macho. "Shida yote ni huyu wa nyuma kabisa, aliyejizungushia kamba kiunoni. Mwangalieni. Huyu si bibi, huyu ni nguzo ya umeme. Nguzo ya umeme utaivuta uipeleke wapi?"

Pasi akakohoa. "Hiyo nguzo ya umeme," alisema, "ni mama mkwe wangu."

Betri alilikunja gazeti polepole, kwa adabu, kama anakunja shuka la mgeni. "Samahani sana, ndugu yangu. Mama ana... ana msimamo mzuri."

"Na leo saa kumi wanawaonyesha kwenye tivii," Pasi aliendelea, sasa yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Asubuhi mke wangu kaniachia maagizo: mama ana mkutano wa kikundi, atapita kwetu ukiisha, nimrekodie ile ya saa kumi. Unasikia? Mimi! Tangu nioe, yule mama hajawahi kuniambia neno moja la moja kwa moja. Tukikaa chumba kimoja anamwambia binti yake, 'Mwulize mwenzio kama chai imemtosha.' Na mwenzio nimeketi pale pale, naiona chai! Leo ndiyo mara ya kwanza kuniagiza kitu."

"Saa kumi si Zambarau wanacheza?" aliuliza Kidevu, uso umeshaanza kuingia huzuni.

"Ndiyo hivyo. Lakini mechi ni yenu, yangu mimi ni ya kamba."

"Mashine ya kurekodi unayo?"

"Ninayo. Aliniachia jirani alipohama. Rekoda ya DVD, iko kwenye sanduku lake, sijawahi kuifungua."

Wote watatu walimtazama kama mtu aliyesema ana ndege nyumbani ila hajawahi kuirusha. Betri akasimama, akajipukuta suruali. "Twende."

"Na mimi?" aliuliza Dada Birika. "Mnahama wateja wote, kahawa nimuuzie nani, mlingoti?" Akabeba birika lake, akawafuata.

Sebule ya Pasi ilikuwa nyuma ya duka: kochi moja refu, viti viwili, na kabati la televisheni alilolitengeneza Kidevu mwenyewe, lenye mlango mmoja usiofunga na mwingine usiofunguka. Juu ya televisheni kilikaa king'amuzi cha kebo, waya wake ukiingia ukutani. Pasi aliweka rekoda sakafuni, akamwaga nyaya zake. Zilikuwa zimesokotana vibaya sana.

"Hizi zimeoana," alisema Dada Birika.

"Kazi nyepesi," alisema Betri, akapiga magoti. "Njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Njano ni picha, hizo mbili ni sauti. Mtoto wa chekechea anaweza."

Mtoto wa chekechea hakuwepo, kwa hiyo alichomeka Betri. Akawasha. Televisheni ikawa nyeusi tii.

"Imeanza kurekodi," alisema Kidevu kwa sauti ya chini.

"Imerekodi nini, giza?"

"Labda kwao ni usiku."

Walichomoa, wakachomeka, wakapuliza matundu, wakaigonga rekoda mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Giza likabaki lile lile. Pasi aliingiza kichwa nyuma ya kabati. Maandishi ambayo jirani aliyaandika juu ya matundu ya rekoda yalikuwa yamefutika kwa kusuguliwa, lakini akifuata mshale uliobaki pembeni aliona jambo, akacheka peke yake mle gizani.

"Betri! Umechukua tundu la kutoa la king'amuzi ukaliunga na tundu la kutoa la rekoda. Wote wanatoa, hakuna anayepokea!"

"Kama ofisini kwetu pale benchini," alisema Dada Birika. "Wote midomo, hakuna masikio."

Pasi akazipanga upya, akizitaja kwa sauti ili asipotee: waya wa ukutani uingie kwenye king'amuzi; king'amuzi kitoe, rekoda ipokee; rekoda itoe, televisheni ipokee. Kisha akaiambia televisheni kwa rimoti isikilize tundu la rekoda, na rekoda nayo akaiambia isikilize tundu la nyuma. Mara akatokea mwanamume mnene akiruka juu ya godoro.

"Picha!" wakapiga kelele kwa pamoja.

"Jaribu kurekodi! Hicho kitufe chekundu!"

Pasi akaweka diski, akabonyeza, akangoja kidogo, akasimamisha, akarudisha. Mwanamume mnene akaruka tena juu ya godoro lile lile, akasema tena kwamba mgongo ni mali. Shangwe iliyolipuka pale ungedhani mtu kazaliwa. Kidevu alimkumbatia Betri. Tangazo la godoro walilitazama mara nne, na kila mara yule bwana aliporuka nao walisema naye kwa sauti moja, "Mgongo ni mali!"

"Sasa nisikilizeni," alisema Pasi, akiitia rimoti ya king'amuzi kwenye mfuko wa shati. "Rekoda haina akili yake. Inameza inacholishwa na king'amuzi. Tukihama chaneli, na diski inahama na sisi. Kwa hiyo hapa hahami mtu."

"Hahami mtu," waliitikia.

Saa kumi ikafika, Pasi akabonyeza kitufe chekundu, moyo unamdunda kama wa bwana harusi. Akina bibi wakaonekana wakijipanga, vitambaa kichwani, na mama mkwe yule pale nyuma, akijizungushia kamba kiunoni bila haraka. Wakampigia makofi. Halafu mtangazaji akaanza kuzungumza. Akawashukuru wadhamini. Akamhoji mzima moto mmoja kuhusu maandalizi. Akawashukuru wadhamini tena. Kisha yakaja matangazo.

"Pasi," alisema Betri kwa upole wa kutisha. "Ni matangazo tu haya."

"Hapana."

"Mama mkwe atakuja kutazama tangazo la sabuni?"

"Hapana, nimesema."

"Tuchungulie tu. Kufumba na kufumbua," alisema Kidevu. "Zambarau wako uwanjani peke yao, Pasi. Hawana hata mtu wa kuwatazama."

Pasi aliangalia televisheni. Tangazo la sabuni lilikwisha, likaanza la sabuni nyingine. Na kusema kweli, hata yeye roho ilikuwa ikimwasha tangu asubuhi. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

Walikuta Zambarau wamefungwa moja, tena wanashambulia. Krosi ikapigwa, beki akateleza, kichwa, goli! Kabati la Kidevu liliyumba. Dada Birika alimwagia kochi kahawa, hakuna aliyemlaumu. Wakakaa, wakasimama, wakakaa tena kwenye kahawa. Muda si muda mshambuliaji wao akakwatuliwa ndani ya boksi, mwamuzi akanyoosha kidole: penalti! Betri alishika kichwa. Kidevu aliuma ndevu. Mpigaji akaweka mpira, akaanza kurudi nyuma, akarudi, akarudi...

"Mama mkwe!" Pasi alipiga ukelele, akabonyeza rimoti.

Akina bibi walikuwa wamenyanyua kombe. Wazima moto walikuwa wakitolewa kwenye tope mmojammoja. Kuvuta kwenyewe kumekwisha.

Pasi aliketi, rimoti mkononi kama mtu aliyeshika kisu chenye damu.

"Mwambie umeme ulikatika," alisema Kidevu.

"Umeme ukatike, halafu diski irekodi mpira?"

"Mwambie wazima moto walitaka mapumziko," alisema Betri, "wakawekewa mpira wa kupoza hasira."

"Mwambie ukweli," alisema Dada Birika, "ila kwa sauti ndogo sana."

"Hodi humu!" ilikuja sauti ya mlangoni, na haikuwa ndogo.

Mama mkwe aliingia na binti yake, akaujaza mlango. Wanaume wakasimama kama darasa limeingiliwa na mkaguzi. "Shikamoo, mama!" "Marahaba, wanangu." Akakaa kwenye kiti, maana kochi lilikuwa limelowa na hakuna aliyetaka kueleza kwa nini. Akakilegeza kilemba chake cha zambarau, akamgeukia binti yake.

"Mwulize mwenzio kama amerekodi."

"Amerekodi, mama," alijibu mke wa Pasi, macho yamejaa fahari kwa mumewe. Fahari ile ilimchoma Pasi kuliko kitu chochote.

"Mwambie aweke."

Pasi akaweka. Akina bibi wakatokea, wakajipanga. Betri akajitahidi, "Aisee, mama! Msimamo huo!" Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akapiga mwayo. Mtangazaji akashukuru wadhamini. Mama mkwe akaanza kutingisha mguu.

"Mwambie mwenzio asogeze mbele. Haya mimi nilikuwepo."

Ikaja sabuni ya kwanza. Ikaja ya pili. Pasi akafumba macho, akangojea. Alisikia kelele za uwanja zikilipuka kwenye televisheni, akajikunja kama anayengoja kofi. Kofi halikuja. Alisikia kiti kikilia.

"Haya, twende! Pembeni, pembeni kuna mtu!"

Pasi akafumbua macho. Mama mkwe alikuwa ukingoni mwa kiti, ngumi zimekazwa.

"Piga krosi, mwanangu, unangoja kuandikiwa barua? Eeeh! Gooooli!"

Aliruka. Rekoda nayo iliruka. Alimkumbatia Dada Birika pamoja na birika lake, akamtandika Kidevu kofi la furaha mgongoni, vumbi la mbao likatimka. Ndipo wote walipokitazama kile kilemba vizuri, rangi yake, na kutazamana. Kwenye televisheni ikapigwa filimbi, penalti. Mama mkwe akakaa. Akashika mkono wa binti yake. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma, akarudi...

Wakatokea akina bibi na kombe.

"Hawa vikongwe wanatafuta nini hapa?" alifoka mama mkwe.

"Mama," alisema binti yake taratibu, "ni wewe huyo."

"Najua ni mimi! Natafuta nini hapa? Penalti iko wapi?"

Betri aliinama, akajifanya anakagua nyaya. Kisha, bila kumgeukia binti yake, bila kutafuta wa kumtuma, mama mkwe alimgeukia Pasi uso kwa uso.

"Wewe! Nilisema nini? Si nilisema ile ya saa kumi? Mtu mzima na akili zako, saa kumi ya leo kuna kitu gani duniani kama si Zambarau?"

"Nilidhani kamba, mama."

"Kamba niliivuta kwa mikono hii miwili, niirekodi ya nini, nisije nikasahau mabega yanavyouma? Mkutano nimekaa roho juu, mwenyekiti anaongea simsikii, najipa moyo, kwa mkwe wangu kuna mashine. Kumbe mashine ipo, mtu wa kuishika ndiye hayupo! Mpaka kwenye penalti unanitoa! Ungenitoa hata kwenye kona, ningekusamehe. Penalti!"

Kidevu alikumbuka kwamba kuna gundi ameiacha bila kufunikwa. Betri alikumbuka kibanda chake. Dada Birika alilikung'uta birika, akaona tupu, akasema wateja wanamngoja, ingawa wateja wake wote walikuwa wakitoka mbele yake kwa kunyata. Walipofika barabarani kicheko kiliwapasuka, hata wapita njia wakasimama kuwatazama. Hawakuweza hata kuagana. Kila mmoja alishika njia yake huku ameshika mbavu.

Ndani, mke wa Pasi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kiganja mdomoni. Mumewe alikuwa akigombezwa kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, na uso wake ulikuwa unang'aa kama shati lililotoka kwenye pasi. Kila neno lilikuwa linamjia yeye mwenyewe, halikupitia kwa mtu.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, mama."

"Mlipokuwa mnatazama, huyo mpigaji alirudi nyuma namna gani? Inuka unionyeshe, usikae kama mgeni."

Pasi akaweka mto wa kochi sakafuni, akarudi nyuma mpaka akagota ukutani.

"Hatua ndefu hivyo?"

"Ndefu hivi, mama."

"Basi kakosa," alisema mama mkwe, akausogeza mguu wake kumpa nafasi. "Vuta kiti ukae hapa, nikueleze kwa nini."

Pasi akavuta kiti.