Turudishieni Mtaro Wetu

Kibanda cha Dobi wa Kona,
Mkabala na Fundi Cherehani.

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Barabara.
Nakala kwa ndugu zako wa Maji, Umeme na Simu, ambao siku hizi mnakula nao sahani moja.

YAH: USHIRIKIANO WENU ULIOPITA KIASI

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kama umeketi, endelea kuketi. Mimi ni dobi. Kibanda changu kipo kwenye kona, pale barabara inapoanza kuteremka, na mlango wangu unatazamana na mlango wa fundi cherehani. Nimefua na kupiga pasi mahali hapa tangu barabara yako ilipokuwa udongo mtupu. Sijawahi kuandika barua ya kulalamika, hata mwaka ule tingatinga lenu lilipoondoka na kamba yangu ya kuanikia, pamoja na nguo zilizokuwa juu yake. Nilivumilia. Lakini mlilonitenda safari hii limenishinda, na mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema.

Zamani mambo yalikuwa yanaeleweka. Watu wako walimwaga lami. Kabla haijapoa, watu wa Maji walikuja na sururu wakaipasua, maana bomba lao lilikuwa chini yake na hakuna aliyewaambia. Wakishafukia, wa Umeme wanafukua kutafuta waya wao. Wakiondoka hao, wanaingia wa Simu, wanakata bomba la Maji. Maji wanarudi kuziba, wanakata waya wa Umeme. Halafu unarudi wewe na lami yako. Sisi wa mtaani tulizijua zamu za kila mmoja kama watu wa nyumba moja wanavyojua zamu za kuosha vyombo.

Ikaja asubuhi ile. Nilifungua kibanda nikakuta magari manne yamesimama pamoja, la kila idara moja. Msimamizi wako sisi tunamwita Kokoto, na yule wa Maji tunamwita Valvu, na hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Nikasema leo ni vita. Nikatoa benchi nje, nikamwita dada yangu anayenisaidia kupokea nguo, nikamwambia, "Dada, acha kazi uje ukae. Hii haitaisha kabla ya adhuhuri."

Ndugu Mkurugenzi, hawakupigana. Kokoto alipiga hodi kwa adabu, akaniomba meza yangu ya kupigia pasi. Wakatandaza juu yake mchoro mmoja, mmoja kwa watu wote, wakaukandamiza kwa pasi yangu usipeperuke. Wakaanza kuonyeshana: maji yapite upande huu, umeme upande ule, simu juu kidogo, na mabomba matupu ya akiba yalazwe chini ya barabara kwa ajili ya wale watakaokuja baadaye. Tuchimbe mara moja, tufukie mara moja. Kisha Valvu, kwa mdomo wake mwenyewe, akamwambia Kokoto, "Tangulia wewe, kaka. Ukishanipimia ndipo nami nilaze bomba langu." Dada yangu alishika nguzo ya kibanda asianguke.

Na walivyosema ndivyo walivyofanya. Huo ndio msiba wenyewe. Lami imelala haina kiraka. Mtu wa Maji akitaka kugusa bomba lake anainua kifuniko cha buluu, wa Umeme chake chekundu. Anafanya yake, anarudisha kifuniko, anaaga na kwenda zake. Madhara tuliyoyapata ni haya:

1. Riziki. Dobi anaishi kwa uchafu wa wenzake, hilo halina siri. Zamani karani wa mahakama akipita mbele yangu asubuhi na shati jeupe, jioni ananiletea la kahawia. Msimu wa mvua suruali zilikuja zimekauka tope mpaka zinasimama zenyewe mlangoni, utadhani zimekuja kwa miguu. Sasa watu wananiletea nguo safi kuliko niliyovaa. Juzi bwana mmoja kaleta koti. Nimeligeuza, nimelinusa, nimelipeleka juani, kosa lake sikuliona. Nimelifua hivyo hivyo kwa kuogopa kula cha bure. Na pasi yangu ya mkaa, iliyoniokoa kila mlipokatiana nyaya, imepoa kabisa kwa sababu umeme haukatiki. Dada ameipandia ua. Linastawi, na hilo nalo linaniudhi.

2. Burudani. Ugomvi wa Kokoto na Valvu ulikuwa mali ya mtaa. Kokoto akisema, "Lami bado inatoa moshi umeshaipasua! Wewe huna hata haya?" Valvu anajibu, "Bomba likipasuka halinisubiri nikuombe radhi wewe!" Watu walijipanga pande zote mbili za mtaro, kila upande na wake. Mjomba wangu, ambaye masikio yake yamechoka, alikuja kutazama mikono yao tu, na akirudi nyumbani alihadithia vizuri kuliko sisi tuliosikia. Leo wanaagiza chai pamoja na kubishana nani atangulie kunawa. Nimejaribu kuwachokonoa, sikufichi. Nilimnong'oneza Kokoto kwamba Valvu anaisema lami yake kuwa ni nyembamba kama kitambaa cha bitana. Kokoto akacheka, akasema, "Ilikuwa kweli, ndiyo maana tumeiongeza." Mtu wa ofisi anakiri kosa hadharani, mchana kweupe, bila kushurutishwa! Ndugu Mkurugenzi, tunaelekea wapi?

3. Wajao. Nimerudi kwenye yale mabomba matupu. Kampuni ambayo haijaanzishwa, ya kitu ambacho hakijavumbuliwa, imeshatengewa njia chini ya mlango wangu, ili siku ikifika ipitishe waya wake bila kugusa lami. Yaani hata wajukuu zangu hawatachimbiwa. Mmewakosesha urithi kabla hawajazaliwa.

4. Ubao. Hili ni dogo kuliko yote, naliandika tu kwa kuwa karatasi bado ina nafasi.

Mtaro wa mwisho wa Maji, kabla ya huo ushirikiano wenu, ulipita katikati ya mimi na fundi cherehani. Waliacha ubao mmoja wa kuvukia. Ubao ule ulikuwa unacheza upande wangu. Jiwe la kuukaza lilikuwepo hapo hapo karibu. Mimi sikuliona haraka.

Fundi ni mjane, mimi ni mgane. Miaka yote tumekuwa majirani wa kupungiana mikono: "Umeamkaje, jirani?" "Salama, jirani," basi, kila mtu anaingia kwake. Lakini duka la nyuzi na vitambaa liko upande wangu, na mtu aliyebeba majora hawezi kupita peke yake juu ya ubao unaocheza. Nikawa namnyooshea mkono. Mwanzoni alishika ncha za vidole, kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto. Baadaye akashika mkono mzima. Akifika ng'ambo hakuuachia papo hapo, alipumzika kwanza, maana ubao unachosha.

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Nikajua kwamba hapendi vifungo vya plastiki. Nikajua kwamba huimba akishona mikono ya nguo, na hunyamaza akifika kwenye kola. Nikajua kwamba marehemu mumewe alikuwa mkoromaji, na mpaka leo kimya kinamkatisha usingizi. Nami nikamwambia habari za marehemu mama watoto, ambazo hata dada yangu sijawahi kumwambia; nilimwambia tukiwa tumesimama na majora yake ya vitambaa mikononi, na hakuna aliyekumbuka kuyaweka chini. Siku moja akasema, "Dobi, ubao huu utaniua." Nikamjibu, "Si mbele ya macho yangu, Fundi." Nilijivunia jibu hilo wiki nzima, na nguo za wiki ile zilinyooka kuliko zote.

Ndipo mkaja na mchoro wenu mkafukia.

Sasa barabara ni pana na tambarare, ina njia ya miguu pande zote. Fundi anavuka mwenyewe, majora kichwani, mkono kiunoni. "Jirani!" "Jirani!" Tumerudi pale pale. Juzi nilisimama ukingoni nikanyoosha mkono kama zamani. Akadhani napima mvua. Akatazama juu, akaniambia, "Leo hainyeshi, anika tu."

Kwa sababu hizo zote, na hasa ya kwanza, ya pili na ya tatu, naiomba ofisi yako ituchimbie mtaro mdogo kati ya mlango wangu na wa fundi. Hatuhitaji bomba ndani yake wala waya. Uwe na kina cha kumfanya mtu mzima asite, lakini usimvunje mguu. Ubao nitautoa mwenyewe, ninao, wala msijisumbue kuukaza. Mkiona hilo ni zito, basi Kokoto na Valvu waamriwe kuja kukorofishana mbele ya kibanda changu kila wiki, kwa dhati, wasicheke, ili walau tupate sababu ya kusimama karibu karibu kutazama. Na mkishindwa yote mawili, nipeni kibali tu. Sururu naweza kuazima.

Naamini utalipokea ombi hili kwa moyo ule ule wa ushirikiano uliotuletea balaa. Nisalimie wote hapo ofisini, mchora ramani, dereva wa mtambo wa kushindilia, na yule dada wa mapokezi mwenye sauti nzuri kwenye simu. Wa Maji, Umeme na Simu nao wasalimie, najua mko chumba kimoja. Dada yangu anakusalimu, mjomba naye anakusalimu, ingawa amesikia kwamba namwandikia daktari.

Ni mimi raia wako wa pembeni mwa barabara, mwenye mikono mikavu kwa mara ya kwanza maishani,

Dobi wa Kona

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika, dada alinishauri nitafute sahihi ya jirani mwingine aliyeathirika, barua iwe na uzito. Nikavuka kwa fundi. Aliisoma amesimama, pini kibao mdomoni. Namba moja hadi tatu alizisoma haraka akitikisa kichwa. Alipofika namba nne alizitoa zile pini moja moja, akazichomeka kwenye gauni la mteja lililokuwa mezani, akarudia kusoma tangu mwanzo wa namba hiyo. Kisha akasema, "Wewe mwanaume! Kumbe mpaka serikali ikuchimbie?" Nikamwambia nilitaka kufuata utaratibu. Hakusaini. Aliweka barua chini, akanishika mkono, akanivusha barabara yako yote, polepole, mchana kweupe, na magari yakatusubiri huku na huku. Kokoto na Valvu walikuwa wameinamia kifuniko fulani. Walisimama wakapiga makofi, tena kwa pamoja.

Kwa hiyo yote yaliyoandikwa hapo juu naomba yasomwe kinyume. Mjomba ameshatumwa kwa kina fundi kupeleka posa. Kwa jinsi anavyosikia, hata wakikataa atarudi na habari njema. Jumamosi tunahamisha cherehani kuja upande wangu, ile kubwa ya chuma, yenye magurudumu madogo yasiyostahimili hata ufa. Lami ibaki kama ilivyo. Akionekana mtu yeyote na sururu mtaani kwetu, hata akisema nimemtuma mimi, mkamateni.