Mabati Ishirini na Matano

Jumapili, 7 Aprili 1991

Dhoruba jana jioni. Mvua ya mawe, halafu upepo kutoka ziwani. Mabati matatu ya jikoni yameondoka na hatujui yameangukia wapi. Mke wangu Nasambu alilia kidogo, kisha akachukua tambara akaanza kukausha sakafu. Mimi nililala chali hapo hapo jikoni nikatazama juu. Akapiga deki kunizunguka.

Kumbe anga iko karibu hivi na sufuria zetu! Mawingu yalipita polepole. Yangeyange wanane weupe waliruka kuelekea Ahero kwenye mpunga. Nilikuwa karibu kusinzia nilipokumbuka. Bima! Miaka mitano nimelipia nyumba hii na sijadai hata kioo cha dirisha.

Nikafumba macho. Nikaona vigae vyekundu, kama vya nyumba za matajiri kule Milimani. Mvua ikinyesha juu ya vigae haingurumi, inanong'ona tu. Lakini mabati matatu yataleta mabati matatu. Paa zima ndilo litakaloleta vigae. Nimewaza hivyo mchana kutwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Ofisi ya bima. Karani anaitwa Agneta, mpole sana. Amesema mkaguzi wao, Bwana Oketch, atakuja Alhamisi. Nisitengeneze chochote kabla hajafika. Fomu inauliza ni mabati mangapi yamechukuliwa na upepo. Kalamu ikaandika yenyewe: yote.

Sasa yameshaandikwa. Yamebaki ishirini na matano na sina budi kuifanya fomu iwe ya kweli. Mimi si mtu wa kudanganya.

Jirani yangu Ogola, mwalimu mstaafu, naye ana bima hiyo hiyo. Kwake limetoka bati moja. Ameandika moja. Watu wengine hawana ndoto kabisa! Akaniuliza kama nataka mabati mawili aliyobaki nayo alipojenga banda la kuku. Nikamshukuru, nikasema sihitaji. Anapenda sana kusaidia, huyo mzee. Inachosha.

Jumanne, 9 Aprili

Ogola na mkewe wameshinda Ahero kwenye shamba lao la mpunga. Nasambu kaenda sokoni kutafuta vifungo. Kazini nilishaaga kwamba sina paa, wakanionea huruma na kunipa wiki nzima.

Nimeng'oa yote! Saa nne mpaka saa nane. Misumari nimeing'oa mmoja mmoja na kuihifadhi kwenye kopo, maana mali ni mali. Mabati nimeyapakia kwenye mkokoteni, nikayafunika kwa mkeka, nikayapeleka stoo ya kanisa. Ufunguo anao Milka, mwenyekiti wa akina mama. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya mtu asiyependa kutajwa jina. Akanitazama kwa macho yaliyojaa machozi. Sikuelewa kwa nini.

Nasambu aliporudi alisimama mlangoni akatazama juu. Yeye hushona sare za shule. Vitambaa vya sare arobaini viko chumbani, shule zinafunguliwa mwezi ujao, na sasa juu yake ni mawingu matupu. Nilimweleza habari ya vigae. Nilieleza vizuri sana, hata nikamwonyesha kwa mikono jinsi maji yatakavyoteremka. Alibeba vitambaa, akarudi kuchukua cherehani, akavipeleka kwa Beldina, mke wa Ogola.

Alirudi mara ya tatu kuchukua mkasi. "Baba Jentrix," akasema, "mimi nitakaa kwa Mama Beldina. Siku hii kitu itakuwa nyumba tena, niite. Na kama hiyo siku haiko, niambie pia, niende Webuye kwa mama na mtoto wangu."

Binti yetu Jentrix yuko huko Webuye kwa likizo. Nimemwambia Nasambu asubiri Alhamisi tu. Ogola alipouliza, nikasema upepo umerudi wakiwa Ahero.

Jumatano, 10 Aprili

Siku nzuri kuliko zote maishani, ukiondoa upweke. Nimelala kitandani mpaka saa tano nikitazama anga. Wadudu wa ziwa walikuja kama moshi, wakazunguka juu ya kabati la vyombo, wakaondoka. Wingu moja lilifanana na nyumba ya ghorofa. Nikaingia ndani yake, nikapanda ngazi, nikafungua dirisha, nikaona Kisumu yote ina vigae.

Mchana manyunyu. Godoro limelowa. Nimesikia cherehani ya Nasambu ng'ambo ya ua, ikienda, ikisimama, ikienda. Miaka kumi na miwili nimelalamikia sauti hiyo. Leo nilikaa ukutani nikaisikiliza mpaka ikanyamaza. Nimemkumbuka sana.

Alhamisi, 11 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi na mapema nilikwenda mjini kumpokea Bwana Oketch, maana nyumba za mtaa wetu hazina namba. Mtu mrefu, mkimya, ana Peugeot safi. Njiani nikamweleza kuhusu upepo. Huenda nilizidisha kidogo.

Tulipokata kona nikasikia nyimbo. Watu kama thelathini uani kwangu! Akina mama wanapika samaki. Ogola yuko juu ya nyumba yangu amevaa kaptura, nyundo mkononi. Na nyumba yangu ina paa! Zima!

Milka akanikumbatia. Kumbe jana katika maombi walinililia mimi, ndugu yao aliyefagiliwa na upepo. Kisha akawatangazia kwamba kuna mtoaji asiyependa kutajwa aliyeleta mabati ishirini na matano siku ile ile paa langu lilipoondoka. Wote wakaona ni jibu la maombi. Ogola akaongeza yake mawili, kikundi cha akina mama kikanunua moja. Wakaanza nilipotoka tu.

Bwana Oketch alizunguka nyumba mara mbili. Alipanda juu. Aliingia chumbani, akasimama kando ya kitanda. Kiraka cha lami nilichopaka kwenye bati mwaka juzi kilikuwa pale pale juu ya mto wangu. Akaona kopo la misumari dirishani, akatoa mmoja, akauchunguza, akaurudisha.

"Bwana Waliaula," akasema, "mimi nimeona mapaa mengi yakichukuliwa na upepo. Hili ndilo la kwanza kurudi."

Milka akasema Mungu ni mwema. Bwana Oketch akakubali, akala samaki, akafunga faili, akaondoka. Hata yale matatu ya kweli sitalipwa.

Nasambu alikuwa mlangoni. Alitazama kile kiraka, kisha akanitazama mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa, 12 Aprili

Karudi. Mwenyewe nimembebea cherehani. Hajamwambia mtu yeyote, hata Beldina. Ameshona mpaka jioni na mimi nimekaa karibu nikishika uzi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ana sharti moja. "Niapie," akasema. "Hutagusa tena paa ya hii nyumba."

Nimeapa kwa Biblia, nikiwa nimepiga magoti. Nimebadilika kabisa. Ndoto zimekwisha.

Jumapili, 14 Aprili

Nimetoa shukrani mbele ya kanisa. Niliwashukuru wote, na Ogola kwa jina, jambo ambalo halikuwa rahisi. Nikamshukuru pia mtoaji asiyejulikana. Watu wakampigia makofi kwa muda mrefu na mimi nikainamisha kichwa kwa niaba yake.

Kisha Milka akasema dhoruba hii imekuwa fundisho. Kanisa nalo litakatiwa bima kesho. Je, nani anazijua fomu hizo? Kanisa lote likageuka kunitazama.

Nilikuwa bado nimesimama. Jua liliingia madirishani kwa utulivu, kwaya ikawa inaimba chinichini, nikainua macho juu. Mabati ya zamani, yenye kutu, mia mbili na kumi kwa hesabu ya haraka. Yakayeyuka mbele ya macho yangu, yakawa vigae vyekundu, na mvua ikinong'ona juu yake.

Nasambu alinivuta koti. Nilimpapasa mkono kumtuliza. Kiapo changu kilihusu nyumba yetu. Kuhusu kanisa sikuulizwa.