Mwanga Niliouona Peke Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya kampuni: madereva wote tupimwe macho kesho. Balaa! Jicho la kulia limeanza visa. Juzi niligonga geti na basi, kioo cha pembeni kikabaki chini. Nikifeli, basi langu anapewa Breki, dereva mwenzangu, ambaye hucheka hata kabla sijaanguka. Hapati! Nimejipitisha zahanati kuuliza choo, nikanakili ubao wa herufi kiganjani. Mke wangu anasema nahitaji dawa, si herufi. Hajui mipango.

Jumanne, 5 Machi
Herufi nimezimwaga zote, hadi mstari wa chini. Mama daktari akanijulisha kwa upole kwamba ubao ulibadilishwa asubuhi.

Akaniweka kwenye mashine. Tazama nukta ya katikati, mwanga ukimeta pembeni bonyeza kitufe. Nikabonyeza mfululizo. Anayebonyeza ndiye anayeona, sivyo?

Akasoma majibu, akavua miwani. “Baba, umeona mwanga mahali ambapo hakuna binadamu anayeona.”

Kumbe kila jicho lina sehemu kipofu, pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda ubongoni. Nyuzi zaidi ya milioni moja katika mshipa mwembamba! Njiani nusu yake zinavuka upande wa pili, kisha habari inafika nyuma kabisa ya kichwa, na huko ndiko kuona. Miaka yote nawapa watu kisogo, kumbe ndicho kinachowaona.

Habari mbaya: presha ya jicho inazila nyuzi hizo kutoka pembeni. Zilizokufa hazirudi. Kuna dawa ya matone, lakini lazima daktari ajue zimebaki ngapi. Kipimo kinarudiwa Ijumaa, bila ujanja.

Jumatano, 6 Machi
Mkutano wa madereva. Nikafumba jicho la kushoto, la kulia nikalikaza kwenye saa ya ukutani. Kichwa cha Breki, aliyekaa kulia kwa saa, kikatoweka! Ubongo ukaziba pengo kwa rangi ya ukuta, bila kuniuliza. Machozi yalinitoka. Breki akadhani namhurumia.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu ameniapisha nisidanganye. Amenishika mikono, akasema anataka nimwone akizeeka. Nimeapa, na nilimaanisha, maana kazi ya Mungu imo humu kichwani.

Nipo foleni. Breki yuko mbele yangu, anacheka. Sehemu kipofu ya jicho la kulia iko kulia, chini kidogo ya usawa wa nukta. Mwanga ukija hapo, sibonyezi. Kwingine kote, nione nisione, nabonyeza.