Tundu Dogo Kwenye Bomba la Kurudisha

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Daktari anahama! Si kwamba nafurahi aondoke, la hasha. Ni mwajiri mwema, anang'oa meno kwa upole, na miaka sita nimekaa mapokezi kwenye zahanati yake bila kugombana naye zaidi ya mara nne. Ila anahamia nchi ya mbali, na tangi lake la samaki lililoko chumba cha kusubiria haliwezi kupanda ndege. Matumbawe ya miaka minane! Na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, Bwana na Bibi, ambao wagonjwa huwatazama mpaka wanasahau jino lipi linauma.

Leo ametangaza kuwa anawatafutia mlezi. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Bahati mbaya Fundi Meno, yule anayechonga meno ya bandia chumba cha nyuma, naye akanyoosha wake. Mkono msafi sana, kama kawaida yake. Daktari akasema atakagua nyumba zetu zote mbili Jumamosi. Anataka kuona tangi la maji ya chumvi linalofanya kazi, mfumo wa kuchuja uliokaa chini yake, na mabomba yasiyovuja. Mawe yaliyokomaa, yenye vijidudu vya kusafisha maji, na sehemu ya maji ya zamani atakuja nayo mwenyewe siku ya kuwahamisha.

Tangi ninalo. Kwa sasa limejaa viatu.

Nimemweleza mke wangu. Yeye ni mshonaji, na sebule yetu ndiyo karakana yake: cherehani dirishani, marobota ya vitambaa pembeni, na wiki hii kuna majoho kumi na mawili ya kwaya yanayosubiriwa. Alinisikiliza pini zikiwa mdomoni. Akazitoa moja moja. Akasema sawa, lakini tone moja likigusa joho la mteja, tangi litatoka nje, na atakayelibeba ni mimi. Nimekubali papo hapo. Tone! Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kazini asubuhi nzima, kitabu nimeazimwa na Daktari. Rahisi ajabu! Tangi la juu ni la samaki. Tangi la chini linajificha kabatini. Maji yanafurika juu, yanashuka kwa bomba nene, yanapita kwenye soksi ya kuchujia, halafu kwenye mashine ya kukoroga povu inayotoa uchafu, kisha pampu inayarudisha juu kwa bomba jembamba. Yanazunguka tu! Sura ya saba inahusu umeme ukikatika. Nimeiruka. Habari za huzuni zinavunja moyo mtu akiwa ndiyo kwanza anaanza.

Wagonjwa wawili walilalamika kuwa sikuwaita kwa zamu. Walikuwa na haraka ya nini? Kung'olewa?

Mke wangu akapendekeza tumwite kaka yake. Shemeji ni fundi bomba, na ukweni wanamwona malaika tangu alipozibua choo cha mama mkwe nyumba ikiwa imejaa wageni. Nikamwambia hapana, asante, bomba ni bomba. Nimegundisha kona mbili mwenyewe. Kazi safi! Hazibanduki hata kwa nyundo. Tatizo ni kwamba zinaelekea dirishani badala ya kuelekea tangini. Nilikuwa nafikiria namna ya kusogeza tangi dirishani niliposikia mke wangu yuko kwenye simu na kaka yake.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kafika na begi lake na mluzi wake. Kanisalimia vizuri, kaangalia kona zangu mbili, kachukua msumeno. Afadhali angecheka.

Lazima nikiri, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: anajua kazi. Alitoboa kioo taratibu huku mke wangu akikimwagia maji, na mimi nikiwa jikoni nimefumba macho. Kabla ya saa tisa mabomba yote yalikuwa mahali pake. Tukaweka maji, tukakoroga chumvi, nikapima mwenyewe kwa kile kipimo cha chumvi. Tukachomeka pampu. Maji yakapanda! Yakafurika! Yakashuka! Nikapiga makofi peke yangu.

Halafu ndipo alipoanza vituko. Alichora mstari kwa kalamu ya wino katikati ya tangi la chini, akasema maji yasivuke hapo kamwe. Nusu tupu! Kisha akachukua drili akatoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya usawa wa maji ya tangi la juu. Bomba jipya kabisa! Nikamuuliza kulikoni. Akasema pampu ikizimwa, maji ya juu lazima yapate pa kukaa, na bomba lazima livute hewa mahali. Mke wangu akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anaelewa. Mimi nikaitikia zaidi.

Nilimpa mkono wa kwaheri, lakini roho haikutulia. Mtu mwenye nia njema anatoboaje bomba la mwenzake?

Alhamisi, 6 Machi

Fundi Meno ananitia presha. Leo kaja mapokezini kuninong'oneza kuwa mabomba yake yanaonyesha ndani, kama glasi, na kuwa kayapiga msasa mpaka maungio hayaonekani. Nikamwambia yangu hayaonyeshi ndani kwa sababu sina cha kuonyesha watu. Nilipokaa nikaona jibu lenyewe halikunisaidia sana.

Nimerudi nyumbani damu ikichemka. Nikapata wazo! Kama soksi moja ya kuchujia inasafisha, soksi mbili je? Nikachukua soksi yangu ndefu ya kuchezea mpira, safi kabisa, imefuliwa Jumapili kwa ile sabuni ya maua. Nikaivika ndani ya ile ya kwanza. Nikakaa kungoja maji yang'ae.

Dakika kumi mashine ya povu ikaanza kukohoa. Dakika kumi na tano povu likainua kifuniko chake. Likatoka kabatini taratibu, jeupe, lenye harufu nzuri, likielekea kwenye majoho. Mke wangu alichomoa waya, akaweka ndoo mbili na ubao wa kupigia pasi, akalizuia kwa mguu mmoja. Joho halikuguswa! Nimelisema hilo mara kadhaa, yeye akiendelea kudeki.

Tumemwaga maji yote, tumesuuza kila kitu mara tatu, tumekoroga chumvi upya. Nasema tumefanya, ila mimi nilikuwa naelekeza. Mgongo unanisumbua.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho! Kesho! Nimeomba ruhusa nusu siku ili nipige msasa wa mwisho.

Maji yanameta. Pampu inanguruma kidogo tu, kama paka. Nimekaa mbele ya tangi tupu saa nzima nikiwaona Bwana na Bibi kwa macho ya moyo. Sijawahi kukitaka kitu hivi. Mtu akikaa mapokezi miaka sita, watu wanampita wote. Wanauliza Daktari yupo, wanakaa, wanaondoka. Wale samaki tu ndio wanaonisogelea kwenye kioo asubuhi nikiingia. Wananijua. Nadhani wananijua.

Basi nikaona nisiharibu bahati kwa kumwachia Shemeji makosa yake. Mke wangu alipokwenda kununua nyuzi, nilifanya marekebisho mawili.

La kwanza, lile tundu. Lilikuwa linachuruza maji pembeni mchana kutwa, aibu tupu. Nikaliziba kwa gundi nzito, nikalainisha kwa kidole. Halionekani! Fundi Meno angelia kwa wivu.

La pili, tangi la chini. Daktari akifungua kabati akute nusu tupu, atasema huyu kachoka njiani. Nikakoroga chumvi ndoo baada ya ndoo, nikalijaza mpaka vidole viwili kutoka ukingoni. Mstari wa Shemeji nikaufuta kwa spiriti ya zahanati.

Sasa ndiyo linaonekana tangi la mtu mwenye msimamo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kitandani, maana sebuleni hakukaliki.

Daktari alianzia kwa Fundi Meno asubuhi. Akaja kwetu saa kumi. Nilivaa tai. Mke wangu alikuwa cherehanini anamalizia kola, majoho kumi na moja yamekunjwa vizuri kwenye mkeka, la kumi na mbili mapajani. Shemeji naye kajialika, kasimama mlangoni.

Daktari aliinama, akatazama, akagusa maungio yote. Makavu! Akapima chumvi. Barabara! Akaniambia nimefanya kazi nzuri. Nikamtazama Shemeji kwa jicho la ushindi. Lakini Shemeji alikuwa anatazama kabatini, na uso wake umebadilika.

Daktari akasema amebakiza jambo moja tu. Nizime pampu.

Nikamwambia hakuna haja, pampu hii ni ya kufanya kazi usiku na mchana. Akaniuliza kama umeme huwa haukatiki mtaani kwetu. Nikasema hukatika, ila si Jumamosi. Akainama akachomoa mwenyewe.

Kimya. Kimya kizuri. Nikatabasamu.

Halafu kabati likaanza kulia machozi. Kwanza kwenye mlango, kisha chini, kisha pande zote. Bomba la kurudisha lilikuwa linanyonya maji ya juu na kuyashusha kinyumenyume, na huko chini hakukuwa na nafasi ya hata kikombe. Shemeji akapaza sauti kuuliza tundu lake liko wapi. Nikamjibu kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe, kuwa nimeliziba.

Mke wangu hakuuliza mtu. Aliruka kutoka kwenye kiti, akazamisha mkono tangini mpaka begani, akalibana bomba, akauinua mdomo wa bomba mpaka juu ya maji. Likavuta hewa, likakoroma, likaacha. Kumbe ndivyo inavyokuwa! Shemeji alikuwa ameshayanyanyua majoho yote kumi na moja juu ya kichwa. Yote makavu!

Nami sikulaza damu. Nilitwaa kitambaa cha karibu nikapiga magoti, nikafuta sakafu kwa nguvu zangu zote, nikakamua kwenye ndoo, nikafuta tena. Nilikuwa najivunia kasi yangu. Nikaona wote watatu wananitazama mikono. Nikatazama mikononi.

Joho la kumi na mbili. Lenye kola mpya.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba si tone. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Daktari aliondoka akiwa na viatu mkononi. Sijawahi kunyong'onyea hivi. Bwana na Bibi wamekwenda kwa Fundi Meno, na mimi ndiye niliyewapeleka.

Jumapili, 9 Machi

Siamini! Siamini!

Asubuhi mke wangu alifua lile joho kwa maji baridi mara nne. Rangi yake haikuchuja. Akalianika, akalipiga pasi, likarudi kama jipya. Wakati huo wote mimi nilikuwa nimesimama ukumbini nimelikumbatia tangi la chini, tayari kulitoa nje, ahadi ni ahadi. Akanipita mara tatu. Mara ya nne akaniambia nilirudishe kabatini. Alikuwa amekwisha zungumza na kaka yake, na kaka yake alikuwa njiani kuja kutoboa tundu jipya na kuchora mstari mpya. Akaongeza kuwa jana, mkono wake ukiwa ndani ya yale maji, aliona yalivyo safi, akasikitika.

Saa tano Daktari akapiga simu. Hakunitaka mimi. Alimtaka mke wangu. Alimwambia mabomba ya Fundi Meno hayana kasoro, ila Fundi Meno kamuuliza kama matumbawe yanaweza kung'arishwa mara moja kwa mwezi, na hilo limemnyima usingizi. Akasema anatafuta mtu anayeshinda nyumbani, na ambaye likitokea la kutokea, mkono wake unafika kabla ya mdomo. Kama mke wangu yuko tayari, samaki ni wake.

Saa nane wakafika. Pampu ikazimwa tena. Maji yakashuka, yakasimama kwenye mstari wa Shemeji, yakatulia. Mawe yakaingia, matumbawe yakaingia, na mwisho, baada ya kungoja sana, Bwana na Bibi. Bibi alijificha nyuma ya jiwe. Kisha akatoka. Akaja moja kwa moja kwenye kioo, pale nilipokuwa nimeegemeza pua. Nikalia. Nasema wazi, nililia mbele ya Shemeji.

Daktari aliacha masharti kwenye karatasi ya kuandikia dawa, nami nimetia sahihi. Nisiguse bomba, pampu, soksi, wala kitu chochote kilicho chini ya usawa wa meza. Kutazama ninaruhusiwa, mara tatu kwa siku, baada ya chakula.

Jumanne, 11 Machi

Leo mke wangu kaenda kupeleka majoho. Ndipo alipogonga mlango Hakimu, yule mzee mstaafu aliyehamia ghorofa ya juu mwezi uliopita. Alisikia sifa za samaki. Akakaa mbele ya tangi nusu saa bila kupepesa macho. Kisha akafungua kabati, akatazama mabomba, akashangaa sana, akaniuliza ni mtaalamu gani aliyeubuni mfumo huu.

Swali gumu. Nilifikiria wote waliochangia. Orodha ikawa ndefu, mzee mwenyewe anasikia kwa shida, nikaona nifupishe. Nikasema ni mimi.

Anataka wa kwake! Mkubwa mara mbili! Tunaanza Jumamosi, na amekubali kabisa kwamba tusiwasumbue mafundi bomba. Masharti ya Daktari nimeyasoma tena kwa makini. Hayataji ghorofa ya juu popote. Nimepanda kupima. Tangi litakaa dirishani, na dirisha lake limesimama sawasawa na la kwetu, juu kabisa ya cherehani. Hilo litarahisisha sana usimamizi. Sitahitaji hata kupanda ngazi kukagua kama kuna tatizo. Nitakuwa natazama dari tu.