Ardhi Iliyopandishwa Cheo

Kaunti ya Bohnert, Nebraska, ina furaha kuwatangazia wananchi wake kwamba imeongezeka. Haikumega shamba la jirani. Iliongezeka kwenda juu.

Aliyeigundua nchi hiyo mpya ni Lyle Petersmeyer, Mkuu wa Ardhi, mtu mwenye bidii ya kutisha. Wezi walikuwa wamefukua nyaya za shaba zilizozikwa chini ya mnara wa redio ya Verna Kolar, uliosimama kwenye malisho ya ng'ombe wake, na mnara usio na nyaya miguuni sauti yake haifiki mbali. Verna akatandaza nyaya nyingine, safari hii juu ya nguzo, mwizi asizifikie. Lyle alipomuuliza ni kitu gani, akajibu kwamba mafundi wa redio huziita "ardhi", na yake imeinuliwa.

Lyle alisisimka. Ardhi ni ardhi, hata ikipanda cheo. Papo hapo malishoni akaamuru izungushiwe ua huko huko juu, na kuanzia kesho yake, Ijumaa, redio ifungwe hadi ua ukamilike.

Ijumaa ndiyo siku ya fainali ya mpira. Mama yake Verna, asiyeona tena, alikuwa akingoja kusikia redioni mjukuu wake akicheza.

"Lyle, hizo ni waya tu. Ua niuegemeze kwenye mawingu?"

"Hilo ni la utekelezaji, dada. Mimi nashughulikia sera."

"Na ng'ombe wangu hapa?"

"Wako chini ya ardhi. Kisheria ni wachimba madini. Wavae kofia ngumu."

"Na wewe je, uliyesimama nao?"

"Mimi pia niko chini ya ardhi," Lyle akasema kwa fahari, maana sheria haibagui. Akayaandika hayo kwenye uamuzi wake, akaugonga mhuri.

"Haya bwana. Sheria ni msumeno."

Mchana huo, baada ya bei ya mahindi, Verna alisoma matangazo ya vifo kama kawaida. "Lyle Petersmeyer, Mkuu wetu wa Ardhi, yuko chini ya ardhi. Habari hizi amezithibitisha mwenyewe, kwa mhuri."

Lyle alishinda malishoni akipima anga. Aliporudi nyumbani alikuta majirani wamejaa sebuleni na masinia ya nyama ya nguruwe na viazi vya kuoka kwa jibini. Njaa inamuuma, akanyoosha mkono.

"Wee! Usiguse," mkewe Jolene akamkemea. "Hivyo ni vya wafiwa."

Akakimbilia ofisini. Kwenye kiti chake alikaa naibu wake, Duane Stickney, ameshaapishwa, anakunywa kahawa kwa kikombe cha Lyle.

"Duane, niko hai!"

"Pole sana, mzee. Uamuzi wako unasema uko chini ya ardhi, na maneno ya marehemu huheshimiwa."

"Basi ufute!"

Hilo Duane alilifanya kwa moyo mkunjufu, kwani hakuna mkubwa mpya asiyefuta ya aliyemtangulia. Nyaya zikawa nyaya, ng'ombe wakawa ng'ombe, na Lyle akawa hai. Akasogelea kiti.

"Taratibu, mzee," Duane akasema. "Nimekurudishia uhai. Kiti hukukiomba."

Ijumaa mpira ulisikika kaunti nzima, na bibi kizee akapiga makofi hadi viganja vikamwasha. Lyle naye alisikiliza jikoni kwake. Wafiwa walikuwa wamebakisha kiazi kimoja, na Jolene alimruhusu akile.